Pedeli za Pande Mbili

Twaha alipoletwa katika chumba cha mahojiano cha polisi ya Gitega, jambo la kwanza aliloliuliza halikuhusu kesi yake. Aliuliza kama mvua imenyesha, maana alikuwa ameacha magurudumu ya mteja uani bila kuyafunika.

"Imenyesha," Swabra akamjibu. "Lakini Raissa ameyaingiza ndani. Kaa, Baba Raissa."

Mzee akaketi. Alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa Waswahili tangu Swabra akiwa msichana wa shule, na baba yake Swabra, fundi cherehani, alikuwa akinywa naye kahawa baada ya swala ya alasiri. Sasa Swabra alikuwa opeje, afisa wa upelelezi mwenye meza yake na dosiye zake za kesi, na dosiye iliyokuwa juu ya meza asubuhi ile ilibeba jina la Twaha.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Anisia, mkunga wa kituo cha afya cha Makebuko, alikuwa ameiacha baiskeli yake ya mbio ilale katika karakana ya Twaha ili ifungwe breki mpya. Kulipokucha haikuwepo. Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Twaha. Komiseri Egidius, mkuu wa Swabra, hakuona la kujiuliza hapo. Alitaka dosiye ifike kwa mwendesha mashtaka kabla ya wiki kwisha.

Swabra alikuwa na lake la kujiuliza. Mtu anayeiba kwa ufunguo wake mwenyewe angevunja angalau kitasa, ili aonekane kaibiwa.

"Nieleze hiyo kinga," akasema, akitumia jina ambalo watu wa Gitega wamezoea kuiita baiskeli. "Rangi uache, rangi inabadilishwa. Nieleze kitu ambacho nikikiona nitajua ni yenyewe."

Twaha alifikiri huku akizungusha kofia yake vidoleni. "Pedeli," akasema.

"Pedeli si zote sawa?"

"Hapana. Zile ziko na pande mbili." Akakunjua kiganja, akakigeuza juu chini. "Anisia iko na kazi mbili na ile kinga. Siku za kazi anapanda mpaka Makebuko na viatu vya kawaida, vile anavaa wodini. Jumapili anafanya mbio na klabu, anavaa viatu vya mbio, vile viko na chuma chini. Mwanzo alikuwa na pedeli za mbio tu, vibanio huku na huku. Kile chuma cha kiatu kinaingia kwenye kibanio, mguu unashikwa. Ni nzuri. Lakini uweke kiatu cha kawaida juu yake, ni kama unakanyaga sabuni."

"Kwa nini asibebe jozi mbili za viatu?"

"Nilimuuliza vile vile. Akaniambia, Baba Raissa, mama iko na uchungu, mi nifike pale nianze kufungua viatu? Donc, basi, tukakaa, tukachagua. Nikamwambia, kuna za bapa, kuna za vibanio, na kuna ya pande mbili: upande mmoja bapa, una vijino vya kushika soli, upande mwingine kibanio. Unageuza kwa mguu, unachukua upande unaotaka. Akasema hiyo ndiyo yangu."

"Mlizipata wapi?"

"Muyinga, kwa Husni, dukani kwake karibu na soko. Hapa Gitega hakuna anayezileta. Na ile ya kushoto iko na alama. Anisia alianguka kwenye jiwe kule Makebuko, kijino kimoja cha ukingoni kikavunjika. Nilitaka kumbadilishia, akakataa."

Swabra akaandika, akafunga kalamu. "Kuna mtu mwingine ana ufunguo wa karakana?"

"Mi najua wangu tu," Twaha akasema. "Mwenye nyumba alinipa huo siku ya kwanza."

Mwenye nyumba alikuwa Kastori. Aliishi katika nyumba kubwa ya nyuma, na karakana ilikuwa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Swabra alipofika na kuanza kuchunguza kitasa, Kastori alitoka uani taratibu, amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi vyeusi vinavyong'aa, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na mtaji, akajenga. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kilichonyooka.

"Pole, umeumia?" Swabra akamuuliza.

"Kizingiti cha jikoni, afande. Umeme ulikatika nikajikwaa."

"Pole sana. Hiki kitasa ni cha zamani, cha nyumba yenyewe. Kina funguo ngapi?"

"Ufunguo nilimkabidhi Twaha siku alipopanga. Kwa hiyo muulizeni yeye."

Swabra alimtazama kidogo. Alikuwa ameuliza idadi, akajibiwa jina. Aliendelea kama kwamba hakuona. "Wewe mwenyewe unaendesha baiskeli?"

"Tangu kambini sijapanda. Mimi ni mtu wa kutembea." Kastori akashusha sauti. "Sipendi kumsema mtu aliye ndani, lakini nyumba yangu inaharibiwa jina. Nadhani ingekuwa heri mzee akatafuta mahali pengine. Mimi mkataba nauvunja leo hii bila kinyongo."

Kabla Swabra hajamjibu, Anisia aliingia, pindo la gauni limelowa tope, begi lake la kazi begani. Naye pia alikulia Tanzania, na alikuwa na tabia ya kusema jambo lake moja kwa moja.

"Dada Swabra, mwachieni mzee," akasema. "Si yeye."

"Unajuaje?"

"Kama angeitaka baiskeli yangu, asingekaa na mimi jioni nzima tukibishana ni pedeli gani itakayonifaa. Alinipandisha na viatu vya kazi, akanishusha, akanipandisha tena na viatu vya mbio. Mwizi hana subira hiyo." Akavuta pumzi. "Jana nilipanda gari la mizigo, likaharibika njiani. Nilifika Makebuko mama amejifungua akiwa na jirani tu. Mtoto yuko salama, namshukuru Mungu. Lakini sitaki kufika hivyo tena."

Kastori alisema pole, akarudi ndani akichechemea. Swabra alibaki mlangoni, akampigia simu Husni wa Muyinga.

"Pedeli za pande mbili?" sauti ya Husni ikasema upande wa pili. "Afande, zile nilimuuzia Twaha zimerudi hapa jana. Ziko chini ya kaunta yangu."

*

Mafuta yalikuwa ya shida mwaka huo, na gari la kwenda Muyinga lilisubiri abiria na petroli kwa pamoja. Lilipoondoka, lilipita Karuzi polepole kwenye mvua nyepesi, na Swabra alikula ndizi za kuchoma alizonunua dirishani huku akiangalia watu wa baiskeli wakipanda vilima. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua baiskeli iliyotumika, kwa sababu hiyo hiyo ya mafuta, na pedeli zake zilikuwa zimelika mpaka zinazunguka bure. Alipofika Muyinga alipitia kwanza polisi ya hapo kuonyesha karatasi yake ya kazi, akapewa askari mmoja wa kumsindikiza, wakaenda kwa Husni.

Husni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, kofia imekaa nyuma ya kichwa. Alitoa furushi la gazeti chini ya kaunta na kulifungua kwa uangalifu.

"Nilizijua pale pale," akasema. "Aliyezileta anaitwa Manase, mkulima wa huko njia ya kwenda Kobero. Mtu mzuri, tairi zote za mkokoteni wake ananunua kwangu. Alikuja na kinga ya mbio, safi kabisa. Mi nikashangaa. Anasema pedeli ni mbovu, zinapinduka, mguu unateleza. Nikamwambia si mbovu, we ndiye hujazizoea. Akasema nimpe za kawaida tubadilishane."

"Hukumuuliza kinga kaitoa wapi?"

"Alisema Kobero. Na pale mpakani kunapita kila kitu, afande."

Swabra akavaa glavu za plastiki, akaigeuza pedeli ya kushoto kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja kibanio. Upande wa pili bapa, na ukingoni safu ya vijino vya chuma, na katikati ya safu pengo la kijino kilichovunjika. Twaha alikuwa amesema kweli. Lakini kulikuwa na kitu ambacho Twaha hakukisema. Kwenye vijino vilivyobaki kulikuwa na uchafu wa rangi ya kahawia, mkavu. Swabra aliunusa, akaukwangua kidogo kwa ncha ya kalamu.

"Damu," akasema.

Askari wa Muyinga akasogea kuangalia.

"Na hii mikwaruzo kwenye shina la pedeli ni yako?" Swabra akamuuliza Husni.

"Hapana. Hiyo nilikuta. Kuna mtu alijaribu kuifungua na spana akazungusha vibaya. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume. Ukiizungusha kama skrubu nyingine unaikaza tu. Alikaza mpaka mi nilitoka jasho kuitoa."

"Fundi anaweza kukosea hivyo?"

Husni akacheka. "Twaha akosee hivyo? Twaha ndiye alinifundisha mi."

Swabra aliifunga pedeli katika mfuko wa plastiki, akaandika tarehe na jina, akawasainisha Husni na askari. Kisha akabaki amesimama. Alikuwa na damu, lakini hakujua mtu anaumiaje kwa pedeli, na hakupenda kuandika kitu asichokielewa.

"Nifundishe kama mteja," akamwambia Husni. "Kweli mi ni mteja. Nina kinga nyumbani, pedeli zimekwisha. Naenda nayo ofisini na viatu hivi hivi."

Macho ya Husni yakang'aa. Akashusha boksi, akapanga pedeli juu ya kaunta kama muuza vitambaa.

"Anza na hii ya mpira. Iko kwa kinga za kubeba ndizi. Kiatu cha ofisi kinapona, soli haichubuki. Lakini mvua ikinyesha, ni samaki. Utapanda kilima cha Gitega unateleza mpaka uchoke." Akaisukuma kando. "Hii ya bati, bapa huku na huku, vijino virefu. Inashika hata kwenye matope. Ila itakula soli yako, na kiatu cha mwanamke sijui kitamaliza mwaka. Hii nyingine ni bapa pia, vijino vifupi. Inashika vya kutosha, haili sana. Na hii hapa ndiyo ya pande mbili, ndugu ya zile za Anisia."

"Nipandishe kwenye hiyo."

Husni alikuwa na baiskeli ya kuonyeshea, gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya stuli ya chuma. Akafunga pedeli mpya, akamshikia usukani. Swabra akakunja suruali mara mbili ili isishikwe na mnyororo, akapanda, na kuanza kuzungusha.

"Angalia," Husni akasema. "Ukiiacha, inaning'inia. Upande mzito unakaa chini. Ukitaka ule wa bapa, uiguse kwanza na ncha ya kiatu, igeuke, halafu ndiyo ukanyage. Usikanyage tu."

Swabra alisikia, lakini mguu haukusikia. Alikanyaga. Soli yake laini ikatua juu ya kibanio, ikateleza mbele, na pedeli ikazunguka nyuma yake kwa nguvu yote ya mnyororo na kumpiga kwenye muundi. Hakupiga kelele. Alishuka polepole, akaketi juu ya boksi la tairi, akautazama mguu wake wa kushoto.

Safu ya matundu madogo, yamepangana kama mshono wa cherehani, yote yanatoa damu.

Husni alikimbilia pamba na spiriti, akiomba radhi. Swabra hakuwa anamsikiliza. Alikuwa akiyatazama matundu.

"Inawatokea wengi?"

"Wote wasiojua, hasa wenye soli laini." Husni akavuta kanzu yake kidogo. Kwenye muundi wake kulikuwa na nukta za zamani, zimefifia. "Mi nilikula siku ya kwanza kuzifungua."

Swabra akachukua pamba, akajifuta mwenyewe. Mtu mwenye viatu vya ngozi vyenye soli laini. Mtu asiyepanda baiskeli tangu zamani, kwa hiyo asiyejua pedeli ina pande mbili, na asiyejua ya kushoto inafunguliwa kinyume. Mtu anayechechemea mguu wa kushoto. Na mlango uliofunguka bila kuvunjwa, wenye kitasa cha nyumba na sio kufuli ya mpangaji. Aliyapanga mambo hayo moja baada ya jingine, na kila alipofika mwisho alimkuta Kastori amesimama pale na suruali yake ya pasi.

Lakini kupanga si kuthibitisha. Baiskeli ilikuwa kwa Manase.

Alipokuwa akiondoka aliuliza, "Na mi nichukue zipi?"

"We unavaa viatu gani siku zote?"

"Hivi."

"Jumapili?"

"Hivi hivi."

"Basi chukua bapa, za vijino vifupi. Za pande mbili ni za mtu iko na viatu vya aina mbili." Husni akazifunga katika gazeti. Halafu akatoa jozi nyingine mpya ya pande mbili, akaiweka juu. "Na hizi mpe Anisia. Zile zake mnazishika nyinyi, na Jumapili kuna mbio. Atakanyaga nini?"

*

Manase alikuwa shambani akipalilia maharage. Alipomwona askari alisimika jembe, akaja akijipangusa mikono. Baiskeli ilikuwa ndani ya nyumba, imefunikwa na shuka safi kama mgonjwa, na mkewe, Jeska, alikuwa ameketi karibu nayo akichambua mchele. Nao walikuwa watu waliorudi kutoka Tanzania. Nyumba yao ilikuwa bado na harufu ya matofali mapya.

"Niliinunua Kobero," Manase akasema kabla hajaulizwa. "Kwa mtu wa lori. Simjui jina."

"Lori la wapi?"

"La Kabanga, ng'ambo ya mpaka."

"Alikuwa mrefu, mfupi?"

"Wa kawaida."

"Ulipanda mpaka hapa?"

"Nilipanda."

"Mguu uliteleza?"

"Uliteleza sana. Ndiyo maana nikaenda kwa Husni."

"Baba, naomba uvute suruali mpaka magotini."

Manase alishangaa, lakini alivuta. Miguu yake ilikuwa na vumbi la shamba na kovu moja kubwa la zamani la panga. Miundi ilikuwa mizima. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, soli nene yenye mabonde. Swabra aliinama akaangalia kwa karibu, kisha akanyooka.

"Wewe hukuumia," akasema. "Lakini pedeli ina damu. Aliyeileta kinga hii hapa ana jeraha kwenye muundi wa kushoto, safu ya matundu yenye pengo katikati. Amevaa viatu vyeusi vya ngozi. Aliipakia kwenye gari Gitega, akashuka nayo Muyinga, akaipanda kuja huku, ikamuuma njiani. Alipofika hapa alikuomba spana."

Manase alitazama chini. Jeska aliweka ungo wa mchele pembeni.

"Mzee mmoja amelala ndani Gitega kwa ajili ya kinga hii," Swabra akaendelea kwa sauti ile ile. "Ana binti anayelala peke yake nyumbani. Mi sikuja kuwakamata. Nimekuja kusikia."

"Ni kaka yangu," Jeska akasema. "Kastori. Nilimfunga kitambaa mwenyewe, hapo kwenye mkeka. Alisema ni zawadi kwa mume wangu, aache kutembea kwenda sokoni. Nilifurahi, afande. Sikumbuki lini kaka yangu alitupatia kitu."

"Na Kobero?"

"Alituambia tukiulizwa tuseme Kobero," Manase akasema. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. "Nikajua hapo kuna jambo. Lakini ni shemeji. Utamrudishiaje mtu zawadi?"

Swabra aliandika maelezo yao, akayasoma kwa sauti, wakatia alama za vidole. Jeska aliondoa shuka mwenyewe, akaikunja, akaipangusa baiskeli kiti kabla ya kumkabidhi askari.

Swabra alimpigia simu Komiseri Egidius akiwa barabarani. Mkuu wake alisikiliza mpaka mwisho.

"Dosiye iko imeandikwa Twaha," akasema.

"Itaandikwa upya, chef," Swabra akamjibu mkuu wake.

"Bon. Lakini nataka jeraha, sitaki hadithi."

*

Asubuhi iliyofuata Swabra alimkuta Kastori amekaa kibarazani, mguu ameuweka juu ya kiti cha pili. Alikuja na askari wawili na Anisia mwenye begi lake la kazi. Kastori alimtazama Anisia, kisha begi.

"Nimekuja na mtu wa afya," Swabra akasema. "Naomba tuone mguu."

"Nilikwambia ni kizingiti."

"Kizingiti ni ubao mmoja. Kinaacha mchubuko mmoja. Tuone tu, mzee, kama ni kizingiti nitakuomba radhi hapa mbele ya majirani."

Majirani kweli walikuwa wameanza kusimama. Kastori aliwaangalia, akavuta pindo la suruali kwa vidole viwili. Kitambaa kilichofungwa pale kilikuwa kipande cha kitenge. Anisia akapiga magoti, akakifungua taratibu, akalowesha pale kilipogandia.

Matundu yalikuwa yamepangana, na katikati kulikuwa na nafasi nzima isiyoguswa. Swabra akatoa ule mfuko wa plastiki, akausogeza karibu na mguu bila kuugusa. Tundu kwa kijino, tundu kwa kijino, pengo kwa pengo. Askari mmoja akapiga picha.

"Hilo pengo ni jiwe la Makebuko," Anisia akasema, bila kuinua kichwa. Kisha akagusa ngozi pembezoni mwa jeraha. "Limeanza kutunga usaha. Dada Swabra, muulize maswali baadaye. Kwanza nilisafishe."

Alilisafisha. Alichukua muda wake, kama ambavyo angefanya kwa mtu yeyote, akampa onyo pale spiriti itakapouma, akafunga bandeji nyeupe, akamwambia asiulowanishe mguu na aende zahanati kupata sindano ya pepopunda. Kastori alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Alipofungwa bandeji alikaa akiitazama.

"Sikutaka kuiuza," akasema hatimaye. "Nilitaka hiki chumba tu. Kiko barabarani, ningefungua duka la simu. Mkataba wa Twaha haujaisha na hakutaka kutoka. Nikasema kama wateja wakipoteza imani naye, ataondoka mwenyewe. Baiskeli ningeirudisha baadaye, ionekane imeokotwa mahali."

"Wakati Twaha yuko gerezani?"

Kastori aliushusha mguu chini, polepole.

"Ufunguo," Swabra akasema.

Alitoa shada la funguo mfukoni, akachomoa mmoja mdogo, uliochakaa, akauweka kiganjani mwa Swabra. Swabra aliujaribu kwenye mlango wa karakana. Kitasa kilizunguka kwa urahisi, mlango ukafunguka ndani.

*

Twaha alirudi kabla ya adhuhuri. Alioga, akaswali, akafungua karakana. Raissa alikuwa ameshafagia. Swabra alipopita jioni akitoka kazini, alimkuta amefunga kitasa kipya na ameketi kwenye benchi bila kazi, mikono magotini.

"Watu wanasalimia," mzee akasema. "Wanasema pole, wanapita. Hakuna aliyesimamisha kinga."

"Mi nimesimamisha." Swabra akaiegemeza baiskeli yake ukutani, akampa furushi la gazeti.

Twaha alilifungua, akazitazama pedeli, akazitazama na viatu vya Swabra. "Husni alikuchagulia vizuri," akasema, na alianza kufungua zile zilizolika, ya kulia huku, ya kushoto kinyume, mikono yake ikirudi katika kazi yake kama watu waliotoka safari. Alipomaliza alimpandisha, akamshika usukani, akamwambia akanyage. Kiatu kilikaa. Swabra akazunguka uani mara kadhaa, akatoka barabarani, akarudi. Mguu wake bado ulikuwa na nukta, lakini hazikuuma tena.

Ni wakati huo Anisia alipofika akiwa juu ya baiskeli yake. Polisi walikuwa wameipiga picha na kumrudishia. Ilikuwa bado na zile pedeli za kawaida alizofunga Husni, na jozi mpya ya pande mbili ikiwa ndani ya begi.

"Shikamoo Baba Raissa."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote."

"Pole ni yako." Akashuka, akamkabidhi zile pedeli. "Nizifungie hizi. Na uniangalie gia, zinaruka kwenye kilima. Keshokutwa ni mbio."

Twaha aliangalia jua lilipofika, akaangalia baiskeli. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. "Gia ni kazi ya muda," akasema kwa uangalifu. "Haitakwisha leo. Pengine uondoke nayo, uilete kesho asubuhi mapema, ukae hapa nikiifanya."

"Kesho asubuhi nina zamu."

"Basi..."

"Basi inalala hapa," Anisia akasema. "Kesho nitapata lifti ya kwenda kazini, nikirudi nitaipitia."

Akauachia usukani mikononi mwa mzee, akaweka begi vizuri begani, akaagana na Swabra, na kushika njia ya kwao kwa miguu. Twaha alisimama ameishika baiskeli mpaka mkunga alipopinda kona. Anisia hakugeuka hata mara moja kuangalia mlango wa karakana.